Shujaa Mwenye Jina Kama Lako

Hotuba kwa wazazi na walimu wa madrasa, Kisumu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe zetu, wazee wa msikiti, walimu wenzangu, kina mama na kina baba mliotoka Kaloleni, Manyatta, Nyalenda na Kibos, na wageni wetu wa Mumias na Nakuru mliodamka alfajiri ili muiwahi shughuli hii, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya malezi na vyombo vya habari. Jambo hilo ni pana na muda wangu ni mfupi, kwa hiyo nitashika upande mmoja tu: vibonzo na majarida ya katuni, na hasa wale mashujaa wenye nguvu za ajabu ambao watoto wetu wanawafahamu kwa majina, kwa mavazi na kwa nyimbo zao.

Naanzia uani. Wakati wa mapumziko, baada ya somo la Qur'ani na kabla ya fiqhi, watoto wa madrasa hucheza nje. Mmoja hujifunga leso ya mamake shingoni, akapanda ngazi, akaruka. Kisha wanagawana majina: wewe utakuwa yule anayerusha utando, wewe utakuwa yule wa popo, wewe yule wa ngao. Siku moja nilikuwa kibarazani nikisahihisha madaftari, nikamsikia mtoto wa miaka minane hivi akiuliza, "Na mimi nibaki na jina langu?" Mwenzake akamjibu papo hapo, wala hakuwa na ubaya wowote moyoni: "Jina lako ni la yule adui." Mchezo ukaendelea. Hakuna aliyelia, hakuna aliyegombana. Walilichukua kama jambo linalojulikana.

Jambo hilo hawakulitunga wao. Wamelitoa kwenye simu zetu, kwenye televisheni ya jirani, kwenye vibanda vya video vya mtaani. Kwa miongo mingi sinema na majarida ya katuni ya Marekani yamekuwa yakimchora mtu mwenye jina la Kiarabu, ndevu na kilemba kwa namna moja: ndiye mteka ndege, ndiye mtega bomu, ndiye sultani katili anayefungia wasichana jumbani. Mtoto haambiwi na mtu yeyote kwamba Waislamu ni wabaya. Anaonyeshwa tu, tena na tena, mpaka macho yake yanazoea.

Hebu niwape mfano ambao wapenzi wa fasihi yetu watauelewa haraka. Mwaka 1971, Batman alipewa adui mpya, mtu asiyekufa, mwenye jeshi la siri. Jina lake ni Ra's al Ghul. Sasa nani kati yetu hajasikia habari za Rasi 'l-Ghuli? Tunao utenzi mzima wa Kiswahili wenye jina hilo, kazi ya Mgeni bin Faqihi, maelfu ya beti, na humo Rasi 'l-Ghuli ni mfalme dhalimu. Anayemkabili ni Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, pamoja na maswahaba. Waandishi wa New York hawakuusoma utenzi wetu, jina hilo ni la Kiarabu na lilikuwapo zamani. Lakini tazameni kilichotokea: adui alivuka bahari akafika kwenye majarida ya watoto, Ali hakuvuka. Mtoto wa Kisumu leo anamjua Ra's al Ghul wa Batman na hajui kwamba bibi zake walikuwa wakisikiliza kisa cha anayemshinda.

Ndugu zangu, haikubaki hivyo, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndani ya miaka zaidi ya 20 iliyopita mashujaa wa Kiislamu wamechorwa katika nchi mbalimbali, na wengine wamechorwa vizuri sana. Tukiwajua, tutajua sisi tufanye nini.

Mwaka 2002 majarida ya X-Men yalimleta msichana wa Afghanistan aitwaye Sooraya Qadir, jina lake la kishujaa Dust. Anageuka tufani ya mchanga. Amevaa abaya na nikabu, anaswali, ana heshima zake, na kwa wakati ule, mwaka mmoja tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, haikuwa jambo dogo kumweka msichana kama huyo upande wa wema. Nawapa haki yao. Lakini waliomwandika hawakumjua. Mwafghani huyu alitamka Kiarabu, ilhali watu wa kwao husema Kidari na Kipashto. Alivalishwa mavazi ya Bara Arabu badala ya ya kwao. Na wachoraji wengine waliibana ile abaya mwilini hadi stara yenyewe ikapotea. Ni sawa na mtu akuchoree Mluhya wa Mumias, amvike kikoi, halafu amsemeshe Kisomali. Nia njema ilikuwapo, ujirani haukuwapo.

Baadaye kidogo, mwaka 2006, mwanasaikolojia wa Kuwait aitwaye Naif Al-Mutawa alitoa jarida la The 99. Msingi wake ni wa kupendeza mno. Mwaka 1258 Wamongolia walipoiteka Baghdad, vitabu vya maktaba zake vilitupwa katika mto Tigris, na wanahistoria wetu husimulia kwamba maji yaligeuka meusi kwa wino. Al-Mutawa alichukua kisa hicho akauliza: vipi kama walinzi wa maktaba waliwahi kuiokoa ile elimu ndani ya vito 99, vikatawanyika duniani, na leo vinaokotwa na vijana wa nchi mbalimbali? Kila kijana anapata sifa moja tu. Jabbar ana nguvu, Noora anaiona nuru iliyo ndani ya watu, Darr ni mlemavu wa kiti cha magurudumu anayetawala maumivu. Na hawafanyi kazi peke yao, hutumwa watatu watatu, kwa sababu hakuna mwenye kila kitu. Mwaka 2010 vijana hao walikutana na Superman na Batman katika jarida moja la pamoja, na Rais Barack Obama, ambaye hapa Nyanza hahitaji kutambulishwa, aliisifu kazi hiyo hadharani mwaka huohuo. Vikatengenezwa na vibonzo vya televisheni.

Upinzani nao ulikuja. Mwaka 2014 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa dhidi ya The 99, wakisema si halali kuwapa viumbe sifa za Mwenyezi Mungu. Mimi si mufti, na mashekhe wako hapa mbele yangu. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba wasiwasi wao una adabu ndani yake, na mtu atakayechora kwa ajili ya watoto wetu lazima auchukue kwa uzito. Tuna bahari ya majina na visa vya kuchukulia mashujaa bila kugusa Asmaul Husna, yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu.

Lakini mimi nina lawama nyingine juu ya The 99, ya kimwalimu. Wale vijana hawana nyumbani. Wanatoka nchi 99, wanapanda ndege, wanaokoa watu, wanarudi makao makuu. Hatuoni mama akimfokea Jabbar kwa kuchelewa magharibi. Hatumwoni Noora akipigana na mdogo wake kwa ajili ya kiti cha mbele. Wao ni sifa zinazotembea. Mtoto anaziheshimu sifa, ila anayempenda ni mtu.

Mwaka 2013 Pakistan ilitoa jibu la namna nyingine. Mwanamuziki Aaron Haroon Rashid alitengeneza vibonzo vya Kiurdu vya Burka Avenger. Shujaa wake ni mwalimu wa shule, Jiya, katika mji wa kubuni wa Halwapur. Akiwa darasani havai burka, huitumia tu kuficha sura yake anapotoka kupambana na majambazi na mwanasiasa mla rushwa wanaotaka kuifunga shule ya wasichana. Silaha zake ni vitabu na kalamu. Anavirusha, naam, vinampata adui usoni. Kipindi hiki kilianza kuonyeshwa mwaka mmoja haujaisha tangu Malala Yousafzai apigwe risasi kwa sababu ya kusoma, na watoto wa Pakistan walijua vizuri Halwapur ni wapi. Vibonzo hivyo vilizungumzia chanjo ya polio, ajira ya watoto, na taka. Vilipata tuzo ya Peabody huko Marekani. Wapo Wapakistani, tena wanawake, waliolalamika kwamba kuifanya burka vazi la ushujaa ni kuwapa nguvu wanaowalazimisha wasichana kuivaa. Ni hoja ya watu wanaoishi na jambo hilo, siwezi kuipuuza. Hata hivyo, mwalimu anayepigana kwa kitabu! Niliwaonyesha wanafunzi wangu wa darasa la nne, na wiki ile kila rula katika darasa langu iligeuka upanga wa elimu.

Misri, mwaka huohuo wa 2013, msichana mchoraji aitwaye Deena Mohamed alianza kuchapisha mtandaoni visa vya Qahera, mwanamke mwenye hijabu anayewaadhibu wanaume wanaowasumbua wanawake barabarani. Na Dubai wakatoa filamu ndefu ya vibonzo juu ya Bilal bin Rabah mwaka 2015. Hiyo tafuteni muitazame na watoto. Mtumwa mweusi ndiye anayebeba filamu yote.

Sasa nifike kwa Kamala Khan.

Mwaka 2014 kampuni ya Marvel ilimpa Kamala jarida lake mwenyewe, akawa Mwislamu wa kwanza wa kampuni hiyo kupewa heshima hiyo, kwa jina la Ms. Marvel. Ni msichana wa miaka 16, wazazi wake Wapakistani, anaishi Jersey City. Mhariri aliyemleta, Sana Amanat, ni binti wa familia ya Kipakistani aliyekulia hukohuko New Jersey. Mwandishi, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu. Hawa hawakuhitaji kuuliza Waislamu hula nini.

Tazameni ukurasa wa kwanza. Hakuna mlipuko, hakuna anayeruka. Kamala yuko dukani, ameinamia mkate wenye nyama ya nguruwe nyuma ya kioo, ananusa. Ananusa tu! Anajua hatakula. Rafiki yake Nakia, mwenye hijabu, yuko pembeni. Mkiwauliza watoto wetu wanaosoma shule za mchanganyiko, ambako wenzao hula soseji mbele yao kila mapumziko, watawaambia kwamba ukurasa ule umewapiga picha wao. Mtoto anashika dini yake na pua inashika harufu, kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemfanya kuwa kafiri kwa sababu hiyo.

Usiku anatoroka nyumbani kwenda sherehe aliyokatazwa. Ukungu wa ajabu unamfunika, anapata nguvu za kujibadili umbo. Na kitu cha kwanza anachogeuka ni mzungu mwenye nywele za dhahabu, shujaa aliyekuwa akimtamani miaka yote. Anagundua kwamba buti zinabana, nguo inamvuta, na hajihisi huru kama alivyodhani. Wakati huo msichana mwenzake, yuleyule aliyekuwa akimdhihaki, anaanguka majini anazama. Kamala anasimama pale, anaogopa, na akilini inamjia aya ambayo babake alikuwa akimsomea: kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote, na anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Al-Maida, aya ya 32. Anaukuza mkono wake ukawa mkubwa kama mtumbwi, akamchota yule msichana kutoka majini.

Mimi nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Sisi watu wa ziwa. Sisi ambao kila msimu wa upepo tunasikia mtumbwi umepinduka, tunaenda Dunga tunasimama ufukweni pamoja na familia tukingoja. Aya hiyo tunaihifadhisha watoto hapa madrasa, wanaisoma kwa tajwidi nzuri, na mchoraji wa mbali ndiye aliyewaonyesha inavyofanana inapotoka kinywani na kuingia mkononi.

Baadaye wazazi wake wanampeleka kwa sheikh wa msikiti, kwa kuwa anachelewa na hasemi anakokwenda. Anatarajia karipio. Sheikh anamwambia kwamba kama hataliacha hilo analolifanya, basi alifanye kwa ujasiri, ukweli, huruma na kujiheshimu, tena atafute mwalimu wa kumwongoza. Mashekhe zangu, natamani kila kijana wa Kisumu anayekuja kwenu na siri apokewe hivyo.

Kitabu cha kwanza cha visa vyake kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mwaka huohuo huko San Francisco, watu walibandika matangazo ya kuutukana Uislamu kwenye mabasi ya mji, na watu wengine wakaenda wakayafunika kwa picha za Kamala. Katuni ya karatasi ikasimama mbele ya chuki barabarani. Mwaka 2022 ikaja tamthilia ya televisheni, akacheza Iman Vellani, mzaliwa wa Karachi aliyekulia Canada. Ndani yake Nakia anagombea kiti katika kamati ya msikiti, kwa sababu upande wa wanawake umechakaa na hakuna anayeurekebisha. Na viatu vinaibwa msikitini. Kina mama mliopo hapa, mnajua nasema nini.

Ninachokisema leo kinatoka hapo. Kamala amewashika watoto wa dunia nzima kwa sababu ana mtaa. Ana anwani, ana duka la kona, ana kaka mcha Mungu anayemchosha, ana baba wa benki na mama mwenye maneno. Dust alichorwa kutoka mbali, The 99 walichorwa kutoka juu, Kamala amechorwa kutoka mlango wa pili. Kwa hiyo tukisema watoto wetu wanahitaji mashujaa wa Kiislamu, tusingoje Marekani wala Dubai watuletee. Hao wamewachora watoto wao. Wa kwetu ni wetu kuwachora.

Na wa kwetu ni nani? Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Hata katika vyombo vya Kenya, Mwislamu akionyeshwa huwa ni mtu wa Mombasa na Lamu, au Msomali wa Garissa. Ni ndugu zetu, Allah awazidishie. Lakini yuko wapi Ramadhan Otieno? Yuko wapi Hadija Akinyi? Yuko wapi Swaleh wa ukoo wa Wanga? Mtoto wa Kijaluo Mwislamu anaulizwa shuleni, "Wewe ni mtu wa hapa, Uislamu umeutoa wapi?" Akienda pwani kwa mashindano ya Qur'ani anaulizwa tena, kwa upole, jina lake la pili limetokea wapi. Anajieleza pande zote mbili. Hana katuni, hana kitabu, hana kipindi ambamo mtu kama yeye yupo tu, bila kujieleza.

Na historia tunayo. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias kabla reli haijafikiriwa, ikapokewa katika baraza la Nabongo, mfalme wa Wawanga, na Uislamu ukashika mizizi pale. Wanubi wa Kibos ni kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na msikiti wa Jamia ulijengwa mwaka 1919, umepita karne moja. Hatujafika jana. Mchoraji akitaka mandhari, yapo hapa.

Najua lipo swali la picha. Zipo hadithi zinazokemea kuchora viumbe wenye roho, na wanazuoni wametofautiana juu ya mipaka yake, hasa kwa vitu vya watoto. Nitasimulia hadithi moja tu, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alirudi kutoka safari ya vita, upepo ukapeperusha pazia la kabati la Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, vikaonekana vitu vyake vya kuchezea. Katikati ya wanasesere alikuwapo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume akauliza, hiki ni nini? Akajibu, farasi. Akauliza, na hivi vilivyo juu yake? Akajibu, mabawa. Farasi ana mabawa mawili? Bi Aisha akasema, hujasikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Farasi anayeruka, ndani ya nyumba ya Mtume, mkononi mwa binti mdogo. Hukumu za fiqhi nawaachia wenyewe. Mimi nimeshika kicheko kile.

Na kama mnatafuta namna ya kusimulia, msiende mbali. Fumo Liyongo amefungwa gerezani, mamake anamwokea mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, mjakazi Saada anaupeleka, askari wanauona ni chakula cha ovyo wanaupitisha. Watu wanacheza gungu nje, ngoma zinarindima, na Liyongo ndani anakata minyororo chini ya kelele za nyimbo alizozitunga mwenyewe. Ana udhaifu mmoja tu, kitovuni, na anayeujua ni mwanawe. Anakufa akiwa amepiga goti kisimani, uta mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Niambieni ni jarida gani la New York lina ukurasa kama huo. Nguvu, siri, usaliti, kifo, vyote tulivitunga kabla ya wao kununua wino wa rangi.

Kuhusu uwezo, usiseme hatuna. Shujaaz ilianza hapa Kenya mwaka 2010 kwa Sheng, jarida la bure ndani ya gazeti, vijana wakaligombania mpaka vibanda vya M-Pesa. Super Sema, msichana mwenye akili za kisayansi, ametoka Nairobi na tangu mwaka 2021 anaonekana YouTube duniani kote. Ubongo wa Dar es Salaam wanawafundisha watoto hesabu kwa vibonzo vya Kiswahili. Mikono ipo. Kilichobaki ni visa vyetu.

Tulijaribu kidogo hapa madrasa, na acheni niwaonyeshe kimoja. Nimekileta, wa nyuma mtakiona baadaye. Ni karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye viboksi. Binti wa darasa la sita amechora kwa kalamu ya buluu msichana aliye ndani ya maji. Ushungi wake unaelea nyuma kama mkia wa samaki, na ameupaka buluu kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka mahali pawili. Mikononi ameshika mizizi ya gugumaji, inaning'inia, kila uzi umechorwa peke yake, kazi ya subira. Juu, mitumbwi imekwama. Huyu msichana, tumeambiwa, huishi Nyalenda na nyanyake anayeuza omena, na akiingia ziwani hahitaji kupumua. Usiku hung'oa gugumaji ili wavuvi watoke asubuhi, lakini lazima amalize kabla ya adhana ya alfajiri, maana adhana ikilia nguvu zinakwisha naye anahitaji kuwahi swala.

Darasa likalipuka. Mvulana mmoja akauliza kama kukaa majini usiku kucha kunatosha kuwa udhu au bado anahitaji nia na mpangilio. Wakagawanyika makundi mawili. Mwalimu wa fiqhi akaitwa. Lile lilikuwa somo la twahara lililochangamka kuliko lote nililowahi kusikia, na hakuna aliyekuwa amelipanga. Mwingine akataka kujua shujaa huyu anasema lugha gani na nyanyake. Mchoraji akamwangalia kwa mshangao: "Kijaluo. Na nani mwingine atamwelewa sokoni Kibuye?"

Walimu, liangalieni hilo. Hakuna mahali binti yule aliandika kwamba Uislamu ni dini ya amani. Hakutoa mawaidha. Ushujaa unaohubiri kila ukurasa mtoto huufunga upesi na kurudi kwa yule wa popo. Yeye ameweka tu nyanya, omena, adhana na kazi inayosumbua mji mzima, na dini imo humo kama ilivyo nyumbani kwao.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati na kwa wazazi ni hili. Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya swala ya alasiri, darasa la mwisho upande wa mashariki litakuwa la kuchora na kutunga visa, kwa watoto wa miaka minane kwenda juu, wavulana na wasichana, na majirani wasio Waislamu wakitaka kuja waje. Mwalimu wa fiqhi amekubali kukaa nasi, ili mipaka ya picha tuijadili palepale na watoto wenyewe wasikie. Hatutachora Mitume wala maswahaba. Karatasi nne za A4 ukizikunja katikati na kuzichapa pande zote zinakupa kitabu cha kurasa 16, unapiga pini mbili mgongoni, kimekwisha, na duka lolote la fotokopi mjini litafanya hivyo kwa bei ya soda. Tunahitaji karatasi, penseli, vifutio, na mtu mwenye stepla ndefu. Wageni wa Mumias wameniambia wangependa kuanza nao, kwa hiyo tutabadilishana vitabu kila mwezi kupitia matatu ya asubuhi, na wa Nakuru wakiwa tayari tutawaongeza. Mzee yeyote mwenye kisa cha Kibos au cha Kaloleni ya zamani, askari, mvuvi, mama aliyeficha watu wakati wa vurugu, aje akae na watoto wamuulize maswali. Nitaiacha orodha kwa katibu mlangoni. Andikeni jina la mtoto, na mkiwa na nafasi andikeni pia kisa mnachotaka kichorwe.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.